Siku Tisa Nyuma ya Mahindi ya Akiba: Kutoka Sumbawanga hadi Chamwino

Siku ya kwanza: Sumbawanga

Nilifika Sumbawanga jana usiku, na leo nimeamkia baridi ya Ufipa ya mwezi Julai, ile inayowafanya watu wa stendi wajifunge mashuka juu ya makoti mpaka jua lipande. Nimekuja kwa shughuli moja. Kwa miaka mingi nimesikia maneno ruzuku, akiba na uhakika wa chakula yakitajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na nimeamua kuyafuata mahindi yenyewe, kuanzia kwa mkulima anayeyauza wakati huu wa mavuno hadi kwa kaya zinazoyanunua kwa bei nafuu mwezi Februari, zikishaishiwa.

Asubuhi nilikwenda kuviangalia vihenge vya chuma, ambavyo mtu huviona kutoka mbali kwa sababu hakuna jengo lingine la kimo hicho linalong'aa hivyo. Vimejengwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 55 kutoka Poland, katika mradi uliogawanywa kwenye maeneo manane: Babati, Dodoma, Makambako, Mbozi, Mpanda, Shinyanga, Songea na hapa Sumbawanga. Mwenye jukumu navyo ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yaani NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008 kuchukua nafasi ya kitengo cha akiba kilichokuwa ndani ya Wizara ya Kilimo. Kabla ya mradi huu maghala ya Wakala yaliweza kubeba tani 251,000, na mradi ulikusudiwa kuufikisha uwezo huo kwenye tani 501,000.

Usiku huu nimefanya hesabu ndogo ambayo nadhani kila anayezungumzia akiba ya taifa angepaswa kuifanya mara moja. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Ukizigawa tani 501,000 kwa watu hao, kila mmoja anapata kilo nane na kidogo, yaani chini ya nusu debe. Hata maghala yakijaa pomoni, akiba hiyo haiwezi kuilisha nchi. Kazi yake ni nyembamba zaidi na ngumu zaidi: kuwafikia wachache walioishiwa, mahali walipo, kabla hawajauza mbuzi wa mwisho, na kuingia sokoni kwa kiasi cha kutosha kumfanya mfanyabiashara aliyefungia mahindi yake aone kwamba hakuna faida ya kuendelea kuyafungia. Kazi ya namna hiyo hushinda au hushindwa kwa tarehe, na nafaka inayofika mwezi mmoja baada ya kuhitajika imefika bure.

Siku ya pili: kijijini, juu ya uwanda

Dereva wa pikipiki amenipeleka kwenye kijiji kilichoko mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Mashamba ya huku bado yana alama za ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyajenga mwishoni mwa masika kwa kufukia nyasi ndani ya udongo ili zioze na kuwa mbolea ya msimu unaofuata. Nimeyatazama kwa heshima. Kabla ya mfuko wowote wa mbolea ya dukani kufika kwenye uwanda huu, watu walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuilisha ardhi kwa majani yake yenyewe.

Mzee aliyenipokea alikuwa anapura mahindi na wajukuu wake wawili. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, na tukazungumza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Nusu ya mavuno yake alikwisha kuiuza mwezi Juni, palepale shambani, kwa mchuuzi aliyekuja na magunia yake mwenyewe. Magunia hayo yalijazwa lumbesa, yaani yalifungwa kwa kamba juu ya shehena iliyopita mdomo, kiasi kwamba lililoitwa gunia la debe sita lilikuwa limemeza saba. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na mzee anajua hivyo.

Nilimwuliza kwa nini hakungoja kituo cha ununuzi cha Serikali, ambako nafaka hupimwa kwa kilo na kila kilo ina bei iliyotangazwa.

"Bei ya Serikali ni nzuri, mwanangu," alisema, "lakini hailetwi shambani. Inanisubiri kule kwenye mizani, na mimi Juni nilikuwa na mgonjwa."

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kununua mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo, na nakumbuka jinsi tangazo lile lilivyopokelewa kwa furaha katika mikoa ya Rukwa na Katavi, kwa haki kabisa, kwa sababu wachuuzi walikuwa wanatoa kidogo zaidi. Hata hivyo bei ya kituoni inamfikia kamili yule tu mwenye uwezo wa kungoja, mwenye mkokoteni au fedha ya kukodi usafiri, na ambaye hakuuguliwa mwezi Juni. Ndani ya bei ileile moja mna wakulima wawili, anayengoja na asiyeweza kungoja, na sera ambayo haimtazami huyu wa pili humfaidi mchuuzi aliyemnunulia, kwa sababu ndiye atakayeyapeleka mahindi yale kwenye mizani ya Serikali mwezi Agosti.

Jambo moja nililoliandika pembeni ya daftari: mzee aliponitajia kiasi alichobakiza, aliniambia pia kwamba huenda kikaisha mwezi Januari. Huyu anayeuza leo atakuwa mnunuzi kabla ya mvua kwisha.

Siku ya tatu: kwenye kituo cha ununuzi

Kituo chenyewe sitakitaja. Nimeshinda hapo kutwa nzima, kwenye kivuli cha lori, nikitazama kazi ambayo watu wa mijini hatuioni. Gunia linashushwa, linachomwa bambo ili kutoa sampuli, punje zinawekwa kwenye kipima unyevu, kisha zinachekechwa kuangalia chenga, mchanga na punje zilizooza. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, mzigo unarudishwa. Katika baridi hii ya Julai, mahindi yaliyovunwa mapema hayakauki upesi, na nilimwona mama mmoja aliyekuja na magunia manane akiambiwa ayaanike tena. Aliyamwaga kwenye turubai kando ya uzio, akaketi katikati yake kama mtu anayechunga mifugo.

Nilitaka kumhurumia na kuilaumu mashine, lakini kipimo hicho ndicho kinachowalinda watakaokula mahindi hayo miaka miwili baadaye. Lawama yangu iko kwingine. Mama yule alikuwa amelipa usafiri kuja kuambiwa jambo ambalo angeweza kuambiwa kijijini kwake, kama kipima unyevu kimoja kingekabidhiwa kwa chama cha msingi au kwa ofisa ugani wa kata. Chombo hicho hutosha kwenye mfuko wa koti. Kati ya mambo yote niliyoyaona tangu nianze safari, hili ndilo ambalo lingegharimu kidogo kuliko yote kulirekebisha.

Wakulima wengine niliowakuta pale walikuwa wamekuja kuulizia malipo ya mzigo walioukabidhi wiki kadhaa zilizopita. Hawakugomba. Walikaa, wakaulizana habari za nyumbani, wakaondoka. Malipo yanapochelewa, ahadi ya bei nzuri inapungua thamani kila siku inayopita, na mkulima aliyecheleweshwa mwaka huu atamwuzia mchuuzi mwakani kwa bei ya chini bila kufikiria mara mbili, kwa kuwa mchuuzi huja na fedha mkononi.

Siku ya nne: Laela hadi Tunduma

Lori lililonichukua lilikuwa limebeba mahindi ya mfanyabiashara, wala si ya akiba. Barabara ni lami tupu, tofauti kabisa na vumbi ninalolikumbuka, na sidhani kama kuna ruzuku iliyomsaidia mkulima wa Rukwa kuliko lami hii. Zamani gari lilikuwa likikwama siku mbili au tatu, na gharama ya kukwama ilikatwa kwenye bei ya shambani kabla mkulima hajaulizwa.

Tunduma ni mji wa mpakani kwa maana zote. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, na foleni ya malori imekuwa sehemu ya mandhari ya mji kama vile milima ilivyo sehemu ya mandhari ya Mbeya. Hapa ndipo swali gumu kuliko yote ya sera ya nafaka linapokaa wazi barabarani: nchi ikihofia njaa, ifunge mpaka?

Tumewahi kufunga. Mwaka 2011 tulizuia mahindi kutoka, mwaka 2017 tukazuia tena, na baadaye zuio likaondolewa. Nia yake inaeleweka kwa kila mtu. Chakula kikibaki ndani, bei inatulia, mwananchi wa mjini anapata nafuu. Lakini nafuu hiyo hulipwa na mkulima wa Mbozi na Sumbawanga, ambaye mteja wake wa karibu yuko Zambia au Kongo, karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Ni kodi ambayo Bunge halikuipitisha, anayotozwa mtu mmoja ili mwingine anunue unga kwa bei ya chini. Madhara makubwa zaidi huonekana msimu unaofuata, mkulima aliyeumizwa anapopunguza eka za mahindi na kupanda kitu kisichofungiwa mpaka, ikawa hatua iliyochukuliwa kwa jina la uhakika wa chakula imepunguza chakula.

Mwaka 2024 tuliona upande wa pili. Zambia ilikumbwa na ukame mkali hadi Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari, na katikati ya mwaka Tanzania ikakubali kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi kupitia NFRA. Niliposikia habari ile nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujirani. Ya pili ni kwamba akiba iliyokuwa na wateja wa nje inaweza kununua zaidi kwa wakulima wa ndani, na mahindi hayakai ghalani mpaka yachakae. Mpaka ulio wazi kwa utaratibu unaojulikana mapema ni sehemu ya akiba, kama ghala lilivyo. Mpaka unaofunguliwa na kufungwa ghafla haumsaidii yeyote isipokuwa wale wenye njia za panya.

Nimelala kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu mno na barabara, na injini hazikunyamaza hadi alfajiri.

Siku ya tano: Mbozi na Mbeya

Mbozi nimepita tu. Mbeya nimekaa kwa ajili ya mbolea, kwa kuwa ruzuku ya nafaka huanza kabla ya nafaka kuwapo.

Ilikuwa hapa Mbeya, kwenye sherehe za Nanenane za mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ruzuku ya mbolea. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeipandisha bei kote duniani, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, au wa Urea, ya kukuzia, ulikuwa umepita shilingi 120,000. Kwa ruzuku, mkulima aliyesajiliwa aliupata kwa shilingi 70,000. Nimeziweka kando kwa kando bei hizi na ile ya mahindi ya mwaka 2024, nikijua kwamba ni za misimu tofauti: mfuko wa shilingi 70,000 ni sawa na kilo 100 za mahindi ya shilingi 700, gunia moja kamili, tena lisilo na lumbesa. Bila ruzuku, mkulima angetoa karibu gunia moja na robo tatu kwa mfuko uleule. Mzee wa Ufipa asingehitaji maelezo mengine.

Ruzuku hii ilifanywa kwa kumsajili mkulima, kumpa namba kwenye simu na kumtaka auonyeshe utambulisho wake dukani, tofauti na vocha za karatasi za mwaka 2008 na kuendelea, ambazo ziliponzwa na saini za kughushi na majina ya watu wasiolima. Ni hatua kubwa mbele. Dada mmoja muuza pembejeo niliyezungumza naye aliniambia kwamba tatizo lake si mfumo bali umbali: wakulima wake wengine hutoka mbali, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kusafirisha mifuko miwili inakula sehemu nzuri ya punguzo, na wengine huja mara mbili kwa kuwa mtandao ulikuwa chini. Pia mbolea ikichelewa kufika dukani mpaka mahindi yamefika magotini, DAP haina kazi tena, hata ikigawiwa bure.

Nimeona leo neno ninalolirudia katika kila ukurasa. Julai, Juni, Agosti, Februari. Karibu kila anachonieleza mtu kina jina la mwezi ndani yake.

Siku ya sita: Makambako

Mtu akitaka kujua kwa nini akiba ya taifa iliwekwa Makambako, asimame kwenye makutano ya barabara. Barabara kuu ya kutoka Zambia kwenda Dar es Salaam inakutana hapa na ile ya kutoka Songea na Njombe, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Mahindi ya Ruvuma, Njombe, Songwe na Rukwa yote huweza kuteremkia hapa, na baridi ya nyanda za juu huwapunguza wadudu kasi.

Mwenyeji wangu ni mzee aliyefanya kazi ya utunzaji wa ghala tangu enzi za Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, na sikutegemea kwamba mazungumzo yetu yangekula siku nzima. Alianza na njaa ya mwaka 1974, mvua zilipokatika wakati nchi iko katikati ya kuhamia vijijini, na Serikali ikalazimika kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni ilizokuwa haina. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilitokana na hofu ile. Kutoka nje yalikuja mahindi ya njano, na Watanzania wa umri wake hawajausahau unga wake waliouita yanga kwa rangi ya jezi za klabu ya Yanga. "Tuliula," aliniambia, "na tulishukuru. Lakini mtoto akiuona mezani alijua kwamba nchi ina shida."

Akiba ya nafaka ya Serikali ilizaliwa kutokana na miaka ile, na wazo lake lilikuwa la moja kwa moja: kuwe na nafaka ya kutosha kusubiria meli. Toka uamuzi wa kuagiza ufanyike hadi gunia lifike kijijini ni miezi, na katika miezi hiyo watu wanakula nini?

Kisha akanieleza habari ya bei moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, mkulima aliuza kwa bei ileile nchi nzima, awe kando ya soko la Dar es Salaam au mwisho wa barabara ya Rukwa, na NMC ikabeba gharama ya usafiri. Upande wa mlaji, sembe liliwekewa ruzuku. Wachumi wameilaumu sana sera ile, na hasara za NMC zilikuwa za kweli na ziliishia kwenye mabenki. Ruzuku ya sembe ikaondolewa mwaka 1984, na bei moja nayo ikafa katika mageuzi ya miaka hiyo. Mzee hakubishana na lolote kati ya hayo. Alisema tu kwamba Ruvuma na Rukwa zilijifunza kulima mahindi ya kuuza katika miaka ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza umbali haukuwa adhabu, na kwamba nchi imekula kutoka mikoa hiyo tangu wakati huo. Nimelipima neno hili na ninaona ana haki. Sera ile ilishindwa mahesabu lakini iliijenga Nyanda za Juu Kusini kuwa ghala, na hakuna mhasibu aliyeandika faida hiyo kwenye daftari la shirika.

Alikumbuka pia vizuizi vya barabarani vilivyokagua nani amebeba mahindi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, na hapo uso wake ulibadilika. Mtu alipeleka magunia mawili kwa dada yake, akarudi mikono mitupu.

Alasiri alinieleza kazi ya ghala kwa undani ambao ningependa kila mtunga sera ausikie. Magunia hupangwa juu ya chaga ili yasiguse sakafu, kila rundo linaachiwa njia ya kupita, kisha hufunikwa kwa turubai na kufukizwa dawa. Adui aliyemwogopa kuliko wote ni dumuzi, mdudu aliyegunduliwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora, ambako wakulima walimwita Skania kwa nguvu zake za kutoboa. Hata kwa uangalifu wote huo, nafaka haikai milele. Iliyoingia kwanza lazima itoke kwanza, na inapotoka ni lazima ipate mnunuzi au mlaji.

Hapa ndipo nilipoelewa fundo lenyewe. Wakala ukiuza mahindi kwa bei nafuu wakati wa uhaba, hupata fedha pungufu kuliko ulizonunulia, ukijumlisha usafiri, dawa na ulinzi. Fedha hizo ndizo zinazotakiwa kununulia msimu unaofuata. Pengo lisipozibwa na Hazina kwa wakati, kituo kinafunguliwa kimechelewa, malipo yanachelewa, na yule mama wa turubai anaketi siku nyingi zaidi. Nafuu anayopewa mlaji Februari inaweza kugeuka deni kwa mkulima Julai, tena kimyakimya, bila yeyote kuamua iwe hivyo. Ruzuku lazima iandikwe wazi kwenye bajeti kama ruzuku, na ilipwe kwa tarehe. Ikifichwa ndani ya hasara ya wakala, anayeilipa ni mkulima.

Siku ya saba: Iringa, Mtera, Dodoma

Safari ya kutwa. Baada ya Iringa barabara inateremka, joto linaongezeka, na kwenye bwawa la Mtera mibuyu inachukua nafasi ya misitu ya mipaini. Ndani ya saa chache nimetoka kwenye mkoa unaouza na kuingia kwenye mkoa unaonunua.

Siku ya nane: Kibaigwa

Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, limekaa kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na humu nimeona wepesi ambao hakuna ofisi inayoweza kuuiga. Malori yanaingia, madalali wanapiga simu tatu kwa wakati mmoja, bei ya Arusha inajulikana kabla ya mtu kumaliza chai. Wanaowaona wafanyabiashara hawa wote kuwa walanguzi wangeshinda hapa siku moja. Wao ndio wanaohamisha sehemu kubwa ya chakula cha nchi hii, kwa fedha zao, na akiba ya taifa inafanya kazi vizuri pale wanapojua mapema itauza lini, wapi na kiasi gani.

Lakini sikuja kwa ajili ya bei tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu, chakula chao wenyewe walichokilima na kukihifadhi nyumbani. Ukungu hauonekani kila mara, sumu yake haiondoki kwa kupika, na mwenye njaa hachagui punje. Nimekumbuka kipima unyevu cha siku ya tatu. Tani zinazohesabiwa kwenye taarifa za utoshelevu hazisemi kama chakula hicho kinalika, na ndiyo maana mifuko isiyopitisha hewa, maturubai na elimu ya kuanika vinastahili kuingizwa kwenye fungu lilelile la bajeti linaloitwa uhakika wa chakula.

Siku ya tisa: kijiji kimoja cha Chamwino

"Mbukwenyi," nilisema mlangoni, kwa salamu ya Wagogo, na bibi akacheka kwa namna nilivyolitamka, akaitikia na kunikaribisha ndani ya uzio.

Amepata kununua mahindi ya bei nafuu yaliyoletwa na Serikali. Yalikuja kata nzima kwa lori, na orodha ikasomwa. Yalikuwa mahindi mazuri, meupe, makavu, na aliponieleza jinsi punje zilivyokuwa kubwa nilijua kwamba zilitoka kule nilikotoka. Hata hivyo kulikuwa na sharti la kulipa taslimu, na kwa wakati ule alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, kila mtu kijijini akiuza na hakuna wa kununua. Kama lori lingekuja wiki nne mapema, mbuzi wangekuwa bado zizini. Wasiokuwa na fedha kabisa walingoja chakula cha maafa, ambacho kina njia yake nyingine ya tathmini na vibali.

Nchi yetu kwa miaka mingi imetangaza utoshelevu wa chakula unaozidi asilimia 100, na sina sababu ya kulitilia shaka hilo, lakini wastani hauna mdomo wala tumbo. Hapa mvua ni za kubahatisha, na bibi analima uwele na mtama, mazao yanayojua kuvumilia, kuliko mahindi. Alishangaa nilipomwambia kwamba NFRA hununua mtama pia. Kwake Serikali na mahindi ni neno moja. Ningetamani kuona bei ya mtama na uwele ikitangazwa kwa sauti ileile inayotangaza bei ya mahindi, kabla ya mvua za kwanza, ili mtu wa Chamwino aamue nini cha kupanda akijua nani atamnunulia.

Kabla sijaaga alinipeleka kwenye kihenge chake cha fito na udongo, kilichoinuliwa juu ya mawe. Akafunua mfuniko, akanitaka nichungulie. Ndani, kwenye ukuta, karibu theluthi moja kutoka chini, palikuwa na mstari wa mkaa.

"Hapo siuzi," alisema. "Aje nani, aje na bei gani. Nimeuvuka mara mbili tu tangu nilipoolewa."

Nilimwuliza ilikuwa miaka gani. Hakunitajia miaka. Alinitajia mtoto aliyekuwa tumboni mara ya kwanza na mjukuu aliyekuwa anatambaa mara ya pili, kisha akakifunika kihenge upesi, kwa sababu kuku walikuwa wameanza kusogea.